Mbwa wa Kiganjo na Mguu wa Kaka Harun

Sagana
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa dada yangu Nadhira,

Assalaam aleikum. Huku kwetu hatujambo. Wifi yako Safa anakusalimu, na anasema ile sufuria yako ya pilau uliyoisahau siku ya Idd ameiosha, utaikuta. Mwanetu Jamal amerudi chuoni Thika. Ndugu yake Muhammad bado yuko na mimi dukani, anapimia wateja misumari kama mtu anayegawa sadaka. Mvua imekatika na mto umeshuka.

Nakuandikia barua kwa sababu simu umenikatia mara tatu tangu Jumamosi. Karatasi huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshasoma.

Nadhira, yale maneno uliyosema mbele ya wageni wangu, ulikuwa unatania? Mimi nilicheka, nikidhani ni mzaha. Kaka yake Safa akakuuliza tena, nawe ukarudia bila hata kuinua macho kwenye sinia: ati mwezi wa kumi utakimbia mbio za Nanyuki, kilomita arobaini na mbili, kuchangisha pesa za mbwa. Watu waliacha kutafuna. Ungesema mayatima ningetoa papo hapo. Ungesema bomba la maji la msikiti, ningetoa na mabomba. Lakini mbwa!

Una miaka arobaini na saba. Una wajukuu wawili. Tangu tukiwa watoto pale Majengo, Nyeri, sijawahi kukuona ukikimbia. Hata siku ile jiko la mama liliposhika moto, wewe ulitoka ukitembea.

Na usiniletee ile habari ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Naijua. Yule alimpa maji tu. Hakukimbia mpaka Naro Moru na kurudi.

Nataka jibu la swali moja: kwa nini? Mpe bahasha kijana wa ofisi ya mizigo hapo stendi, itanifikia.

Ni mimi kaka yako,
Harun


Kiganjo
Ijumaa, 20 Juni 2025

Kaka Harun,

Waaleikum salaam. Sisi tuko salama. Binti yangu Subira alikuja na watoto kutoka Isiolo, wakakaa siku nne, wakavunja kioo cha wateja wangu kujitazamia na kuondoka. Kazi ya cherehani ipo. Makurutu wa chuo cha polisi wamefika wapya, na kila mmoja amepewa suruali ya mtu mwingine. Kutwa nzima napunguza viuno.

Simu nilikata kwa sababu ulikuwa unapiga kelele. Ukiandika, angalau sikio linapumzika.

Unamkumbuka Mama Prabha, aliyekuwa na duka la vitambaa Nyeri mjini, tukinunua kwake nguo za Idd? Mumewe alipofariki alifunga duka akahamia huku Kiganjo, kwenye shamba dogo, na huko anaokota mbwa. Waliogongwa na magari, waliotupwa, waliofungwa minyororo mpaka shingo zikaoza. Ana zaidi ya thelathini. Mwezi wa nne mbwa watano walitoroka usiku, wakaua kondoo wa jirani yake, Mutahi. Kukaitwa mkutano. Ikaamuliwa kwamba mpaka mwaka ukiisha awe amezungusha fensi ya waya ngumu na mbwa wote wawe wamechanjwa, la sivyo watawekewa sumu. Mama Prabha ana miaka sabini na mitatu. Alilia mbele ya watu, na hakuna aliyemtazama. Mimi nilimtazama, basi, nikainua mkono na kusema nitakimbia, watu wachange. Hiyo ndiyo sababu.

Na kabla hujauliza: nina ndoo yangu nje, nina udongo wangu, nina nguo za mbwa na nguo za sala. Nikirudi naosha mate ya mbwa mara saba kama tulivyofundishwa. Usijifiche nyuma ya dini, kaka. Wewe unawaogopa. Ulikuwa unazunguka soko zima la Nyeri kumkwepa mbwa wa muuza nyama.

Jambo jingine. Siku ya Idd nilikuona ukitia udhu umegeukia ukuta, hutaki mtu aone mguu wako wa kushoto. Una nini?

Msalimu Safa.
Nadhira


Sagana
Jumanne, 15 Julai 2025

Dada Nadhira,

Salamu kwanza. Sisi ni wazima. Mabati yamepanda bei tena, na wateja wanadhani ni mimi ninayeyapandisha. Safa amefuga kuku kumi na wawili, wanalala juu ya gari langu.

Barua yako nimeisoma. Nimeisoma pia kwa sauti, Safa akataka kuisikia, na badala ya kushangaa akasema, "Maskini Mama Prabha." Kwa hiyo sasa nina watu wawili wa kubishana nao.

Ijumaa iliyopita nilisali Nyeri. Nikitoka, mzee mmoja wa Majengo akanishika mkono: "Harun, ni kweli dada yako anafuga mbwa?" Nikasema hafugi. "Sasa anawafanyia nini?" Nikasema anawakimbilia. Akafikiri, akasema, "Wanamfukuza?" Nikaondoka. Ningemweleza nini?

Nami nitakueleza wewe nini ambacho hujakisikia? Mtu akitaka kuchanga, anachanga. Hana haja ya kujitesa kwanza. Fedha hazitoki kwenye jasho la dada yangu barabarani mbele ya malori. Andika kwa wenye mahoteli ya Nanyuki, wana mbwa wengi kuliko watoto. Acha mbio.

Mguu hauna kitu. Ni kiatu kipya.

Harun


Kiganjo
Jumapili, 3 Agosti 2025

Kaka,

Natumaini kuku wa Safa wamepata mahali pa kulala. Sisi tuko. Huku kuna baridi ya kukata masikio. Mlima hauonekani wiki ya pili sasa, umejifunika kabisa.

Nimewaandikia wenye mahoteli. Mmoja alijibu, akaniuliza kama tunauza watoto wa mbwa.

Ngoja nikueleze mbio zenyewe, maana unadhani nacheza. Naamka baada ya alfajiri. Makurutu wanapita barabarani wakiimba, nami nawafuata nyuma. Mwezi wa tano walikuwa wananiacha kabla hawajamaliza ubeti wa kwanza. Sasa nawasikia mpaka kwenye kona. Mama Prabha anataka niwachukue mbwa wawili ili wapate mazoezi. Mmoja anaitwa Bajia, wa kahawia, mkaidi. Kila anapoona ng'ombe anakaa chini, hasogei, nami nasimama nikimvuta huku watu wakipita kwenda kazini. Juzi mwendesha bodaboda akasimama: "Mama, hii mbwa inakupeleka ama unaipeleka?" Nikaendelea kuvuta.

Magoti yanauma. Kiuno kinauma. Nguo za kukimbilia wanazouza Nyeri zimeshonwa kwa wasichana wa miaka ishirini, nikajishonea mwenyewe suruali pana na gauni la kufika magotini, na Mutahi, yule wa kondoo, akiniona anasema, "Mama Subira, kimbia! Bila hiyo fensi, kondoo wangu wataisha." Ndiye mtu pekee anayenishangilia hapa Kiganjo, na ni kwa ajili ya kondoo.

Sasa kiatu kipya. Nilimpigia Safa. Akaniambia kuna mteja, akakata. Safa hauzi kitu, Harun. Kiatu gani kinakuumiza tangu mwezi wa sita? Kivue basi. Nenda ukaangaliwe mguu.

Nadhira


Kiganjo
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kaka Harun,

Salamu. Sisi wazima.

Ni zaidi ya mwezi, hujajibu. Kijana wa ofisi ya mizigo anaapa bahasha ilifika, na kwamba uliichukua mwenyewe, ukiwa umevaa kandambili. Wewe, Harun, kandambili mjini? Wewe uliyekuwa unapiga viatu rangi hata vya kwenda kuchinja kuku?

Niandikie. Hata unitukane, niandikie.

Nadhira


Sagana
Jumatano, 17 Septemba 2025

Dada,

Assalaam aleikum. Tuko wazima sote. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Tulipokea saruji lori zima, kisha stoo ikavuja, kisha Muhammad akaumwa tumbo. Halafu kuna joto la Sagana, wewe wa huko juu hulijui. Nakunywa maji kutwa na kiu haiishi. Usiku siwezi kulala, natoka haja ndogo kila mara. Joto tu.

Kuhusu Nanyuki, neno langu la mwisho. Sitakuja. Sitachanga. Usinitajie tena. Nimemwambia na Safa asiende. Ukianguka barabarani, watakuokota hao mbwa.

Mguuni kuna kidonda kidogo tu, kwenye kidole, na nakiosha kwa maji ya chumvi. Sasa hata hakiumi. Kimekufa ganzi, nikikigusa sisikii chochote. Kwa hiyo kinapona. Nimekujibu, na usiniulize tena mambo ya mguu.

Harun


Kiganjo
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Harun,

Leo sianzi na salamu. Mungu atanisamehe.

Kiu isiyoisha. Kutoka haja ndogo usiku kucha. Kidonda kisichouma. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako, kisha unasema ni joto! Mimi na wewe tulilala chumba kimoja na baba. Tuliisikia ndoo yake ya haja usiku. Alisema kiatu. Alisema joto. Alisema maji ya chumvi. Walimkata mguu chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha tukamzika, na mpaka leo katika nyumba yetu hakuna aliyetamka jina la ugonjwa ule. Tunasema "baba alichoka."

Mimi ninao. Ndiyo. Nina sukari. Nilipimwa mwezi wa kwanza, kliniki hapa, nilikwenda kwa ajili ya macho. Uliniuliza kwa nini nakimbia, nikakuambia nusu. Daktari alisema nitembee kila asubuhi. Nikaogopa kutembea peke yangu gizani, nikaenda kwa Mama Prabha kuazima mbwa. Ndivyo nilivyowajua mbwa. Mambo ya kondoo na mkutano yalikuja baadaye.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utakachosema: niache kazi, nihamie kwako, nikae kitini, Safa anipikie ugali wa wimbi, na watu waje kuniangalia kwa huruma. Mimi sitaki kuangaliwa. Nakunywa dawa. Daktari anajua kuhusu mbio, alikunja uso, akanipa masharti yake, nami nayafuata. Sukari imeshuka. Nimechoka, nimekasirika, lakini sijambo.

Wewe si mzima. Nenda hospitali. Usiende kesho, nenda leo, barua ikiwa bado mkononi.

Na usipokwenda, usinijibu kabisa. Sitaki kusoma tena bei ya mabati.

Nadhira


Hospitalini, Nyeri
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Nadhira,

Hapa wodini tuko watu wanane, na mmoja anakoroma hata akiwa macho. Safa analala kwa binamu yake Majengo, ananiletea uji usiotiwa sukari, nami naunywa kwa sababu anasimama pale akiniangalia. Muhammad amebaki dukani. Naomba Mungu aihifadhi misumari.

Naandika kwa sababu nina swali, na kila ninayemwuliza ananiambia, "Muulize mwenyewe." Nitaliuliza mwishoni. Kwanza nimalize hasira.

Umeniaibisha mbele ya Naro Moru nzima.

Mimi nilikuja kimya kimya. Barua yako ilikaa mfukoni mwezi mzima. Nilikasirika, nikaisoma, nikakasirika tena. Jumamosi usiku nikamwambia Muhammad, kesho utatuendesha, na mama yako asiseme kwa mtu. Nilijua mnageuzia Naro Moru. Mpango wangu ulikuwa nikuone ukipita, nione kama uko hai, nirudi Sagana bila wewe kujua. Tukaegesha nyuma ya wauza viazi, nikakaa juu ya gunia.

Wakapita wakimbiaji wenyewe, hata vumbi hawakutimua. Wakapita watu wa kawaida. Wakapita wazee. Akapita mtu amevaa mavazi ya ndizi. Kisha hakupita mtu. Muuza viazi akaanza kurudisha magunia yake barabarani. Nikamwambia Safa, "Amekata tamaa, alhamdulillahi, twende." Ndipo ikatokea ambulensi, polepole, taa zinawaka mchana, na mbele yake wewe, na lile gauni lako na mtandio umefungwa nyuma, umekunja uso kama mtu aliyechokozwa. Dereva ametoa kichwa dirishani anakuambia, "Mama, ingia tu. Hakuna mtu atakucheka." Nawe unamwambia, "Endesha gari yako."

Nadhira, mtu anayekimbia anatazama mbele. Wewe ulitazama miguu ya watu! Nani anakimbia akitazama miguu ya watu?

"Harun! Hiyo ni nini mguuni?"

Nikasema, "Endelea na mbio zako."

Ukavuka barabara. Ukapiga magoti, ukanivua kandambili, ukafungua kitambaa mbele ya wauza viazi. Harufu ikatoka. Watu wakarudi nyuma. Nilijua unamwona nani, kwa sababu na mimi nilimwona baba. Kidole kilikuwa cheusi, na cha pili kando yake pia.

Nesi wa ile ambulensi, Magdaline, akashuka garini, akatazama, akasema, "Huyu ndiye mgonjwa wa kwenda. Na ni sasa."

Nikasema siingii. Mimi sikuja kukimbia, nitaingiaje gari la wakimbiaji? Nitakwenda Sagana, nitaoga, nitavaa vizuri, nitakwenda hospitali Jumatatu kama mtu mwenye heshima.

Ndipo ulipokaa chini. Katikati ya barabara kuu! Malori mawili yamesimama, watu wametoa simu wanatupiga picha, nawe umekunja miguu kwenye lami na kusema, "Kama huingii, siondoki. Mbwa wawekewe sumu, kondoo wa Mutahi waishe, wewe uoze, na mimi nikae hapa."

"Inuka, unatia aibu."

"Ingia."

"Nikiingia utamaliza hayo mambo yako?"

"Ukiingia nitamaliza."

"Huwezi kumaliza. Jitazame."

"Ingia uone!"

Nikaingia. Nimekata kona zote za maisha yangu kwa akili, na nimeingia ambulensi kwa sababu ya ubishi. Mlango ulipofungwa nikakuona kwa kioo cha nyuma unajikokota kuinuka, muuza viazi anakushika kwapa. Zaidi ya hapo sijui.

Kesho kutwa wanakata vidole viwili. Daktari anasema mguu huenda ukabaki. Nimesema "huenda" kama alivyosema yeye.

Sasa swali. Ulimaliza?

Harun


Kiganjo
Jumapili, 2 Novemba 2025

Kaka Harun,

Assalaam aleikum. Safa amenipigia: vidole vimekwenda, mguu upo, homa imeshuka. Nimesali rakaa mbili za shukrani, nikiwa nimekaa, kwa sababu magoti yamekataa kukunjika. Ngazi siziwezi. Nguo za makurutu zimerundikana na wananijia mlangoni wakiwa wameshika suruali kwa mkono. Wiki ijayo nitakuja kukuona, nikiweza kupanda na kushuka gari.

Swali lako litangoja. Mimi nimengoja barua zako tangu Julai.

Ulipokwenda na ambulensi, nilibaki peke yangu barabarani. Nikaanza kurudi Nanyuki, na mwanzoni sikuwa nakimbia wala kutembea, nilikuwa nalia. Si kulia kwa huzuni. Nilikuwa na hasira nawe, nakusema kwa sauti, na ng'ombe wa watu wananitazama.

Kisha ikanifuata bodaboda. Kijana mmoja wa waandalizi, Munene, amepakiwa nyuma na katoni ya maji. "Mama, ni wewe umechukua ambulensi?"

"Ni mimi."

"Unajua tulikuwa na moja tu?"

"Na mgonjwa alikuwa mmoja tu."

Akatoa pumzi. Akaniambia ameagizwa anifuate mpaka mwisho, na kwamba wenzake wanakula. Kila nikipunguza mwendo ananiambia habari za nyama. Nikiongeza, anasema, "Sasa hivyo, mama, tutaikuta bado moto." Nilitaka kumpiga na chupa. Lakini kaka, kelele zake zilinisaidia. Mtu huchoka vibaya zaidi akiwa peke yake.

Mlima mmoja kabla ya Nanyuki, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likawa baridi, barabara ikawa na ukungu. Nilijua ni sukari imeshuka. Nikakaa ukingoni, nikala peremende nilizokuwa nazo, nikanywa ile soda ya Munene aliyokuwa anajiwekea. Akanitazama usoni, akasahau nyama. "Mama, niite gari?" Nikamwambia asubiri. Nilipima damu ya kidole kwa kile kifaa changu cha sukari, nikangoja, nikapima tena. Nilijiambia, ikibaki chini naingia gari, sitamfanyia Safa vituko viwili siku moja. Ikapanda. Nikainuka.

Barabara walikuwa wameshaifungua. Malori yananipita, wananipigia honi. Nilipoingia mjini, waandalizi walikuwa wanakunja mabango, na lile tao kubwa la kupulizwa upepo, la mwisho wa mbio, lilikuwa limelala chini. Nikaona hapo hapakuwa tena na mwisho. Nikasimama. Kaka, pale ndipo nilipotaka kuacha, hatua chache kufika, kwa sababu nilikuwa sijui nakimbilia wapi.

Kisha nikasikia sauti. Mutahi. Alikuwa amekuja na pikapu yake kumleta Mama Prabha. Alikuwa amemshika kijana mmoja wa mashine ya upepo kwenye kola: "Rudisha hiyo kitu juu! Huyo mama bado anakuja! Unajua nimepoteza kondoo ngapi?" Kijana anasema mashine imezimwa. "Iwashe! Ama uipulize na mdomo!"

Wakaiwasha. Tao likapanda upande mmoja, upande mwingine ukabaki umelegea. Nikapita chini yake nimeinamisha kichwa. Mama Prabha alinikumbatia akaninusa nywele kama mtoto, na Bajia, waliyemleta bila sababu yoyote, akanikojolea kiatu. Medali za watu wazima zilikuwa zimeisha. Nimepewa ya watoto, ina picha ya swala.

Ndiyo, Harun. Nilimaliza.

Na sasa keti vizuri, maana una mshono. Ile video ya wewe na mimi tukigombana barabarani imezunguka nchi nzima. Watu waliiona, wakauliza huyu mama anakimbilia nini, wakaambiwa, wakachanga. Wengi waliandika "Kwa ajili ya yule mzee wa kandambili." Waya imenunuliwa, nguzo zimechimbiwa, na daktari wa mifugo anakuja Alhamisi kuchanja mbwa wote. Kwa hiyo, kaka yangu, fensi ya mbwa wa Kiganjo umeijenga wewe.

Usimkatalie Safa uji wake. Kunywa.

Nadhira


Sagana
Jumapili, 23 Novemba 2025

Dada yangu Nadhira,

Assalaam aleikum. Nimerudi nyumbani tangu wiki iliyopita. Natembea kwa fimbo. Kidonda kinafunga, na Safa anakisafisha kila siku huku ananisimulia kila mtu aliyempigia kuhusu ile video. Asante kwa kuja wodini, na asante kwa kutomleta mbwa, ingawa yule mkoromaji aliuliza.

Hapa Sagana siwezi kukatiza mtaa. Watoto wa shule wananiona wanapaza sauti, "Ingia uone!" Mwenye kinyozi ameniuliza kama nina mpango wa kufungua tawi la mbwa. Imamu alinijulia hali, akaniombea dua, kisha akatabasamu kidogo, nikamwona. Haya yote ni kazi yako.

Daktari aliniambia ukweli siku ya kuondoka. Ningekaa wiki moja zaidi na yale maji ya chumvi, wangekata kwenye goti. Kisha akatoa kalamu, akaniuliza: "Katika familia yenu, nani mwingine ana sukari?" Nilitazama fimbo yangu mpaka akainua macho. Kisha nikasema: baba yangu. Mimi. Dada yangu. Nikayatamka, Nadhira, na hakuna kilichoanguka. Akaandika tu, akaniuliza kuhusu watoto.

Niliporudi niliwaita wote wawili. Jamal alitoka Thika akinung'unika kuwa ana mtihani. Muhammad alisema yeye ana nguvu, anabeba saruji. Nikawaambia hakuna atakayekula katika nyumba hii mpaka akapimwe. Wakakasirika, wakasema nimekuwa kama shangazi yao. Nikawapeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi na fimbo yangu mlangoni wasitoroke.

Jamal hana kitu. Muhammad anayo. Daktari anasema imekamatwa mapema sana, na mtu akijitunza anaishi mpaka azeeke. Usiku Muhammad alikaa uani, nami nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikamsimulia habari za babu yake, yote, na ndoo, na mguu. Alisikiliza. Kisha akaniuliza wewe unatoka saa ngapi asubuhi.

Anakuja Kiganjo Jumamosi, atakaa nawe mwezi mzima. Dukani nitapata mtu. Anapenda kulala, anajua kulalamika, na mbwa anawaogopa kuliko mimi. Usimwonee huruma.

Kaka yako,
Harun